Sabuni ya Yungiyungi

Ngano ya mfungo wa Jua haianikwi ovyo. Huchambuliwa punje kwa punje, ikaoshwa mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, ikatandazwa juu ya shuka nyeupe iliyofuliwa siku hiyo hiyo, na mtu aliyekwisha kuoga akakaa kando yake na fimbo mpaka ikauke. Ndege akidonoa punje moja tu, ngano yote imekuwa makombo, na Mama Chhathi, mungu wa mfungo huo na mlinzi wa watoto, halishwi makombo. Asubuhi ile, juu ya paa la Bibi Sonmati, aliyeshika fimbo alikuwa Lalmuni, mke wa mtoto wake mkubwa. Lakini macho yake hayakuwa kwa ndege. Yalikuwa chini uani, kwa Rinku, mke wa mtoto mdogo, aliyekuwa akipanga sabuni kwenye mkoba.

Mkoba wenyewe ulikuwa wa kijani, una mkanda mpana wa kupita begani, na umechorwa ua la yungiyungi lililofumbuka. Kampuni ya sabuni ilimpa Rinku mwanzo wa mvua, yeye peke yake kijiji kizima, auze nyumba kwa nyumba. Akapewa na sari mbili za kijani na viatu vya kufunga nyuma. Lalmuni alivijua vile viatu kuliko mwenyewe. Alijua kisigino cha kulia kimeanza kulika upande mmoja, na siku alipokiona mara ya kwanza alifurahi mpaka akajionea haya.

"Dada," Rinku akaita kutoka chini, "ngano umeigeuza?"

"Nimegeuza. Au kampuni ina namna yake ya kugeuza?"

Rinku akacheka. "Kampuni haijui ngano, dada. Inajua sabuni tu."

"Afadhali kuna kitu haijui."

Bibi Sonmati alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, miguu juani. "Acheni maneno yenu," akasema. "Bi harusi mdogo, hebu nipake yale mafuta yako magotini kabla hujatoka."

Miaka mingi imepita tangu Rinku aingie nyumba ile, na bado mama mkwe anamwita bi harusi mdogo. Lalmuni yeye alikuwa bi harusi miezi michache tu. Alipojifungua binti akawa Mama Putul, basi, jina la bi harusi likafungiwa sandukuni pamoja na sari yake nyekundu.

Magoti yale ndiyo yalikuwa mazungumzo ya nyumba. Mwaka uliopita, wakati wa kumpa Jua heshima bwawani, Bibi Sonmati alididimia matopeni na ungo wake wa matunda mkononi, watu wakamwinua kwa makwapa. Tangu hapo akasema mwaka huu haingii majini. Mfungo atampa mmoja wa wakwe zake, na huyo ataushika mpaka naye apate mkwe wa kumpa. Ni jambo kubwa kwetu. Mwanamke mwenye mfungo, hata mume wake humgusa miguu siku hiyo. Hata aliyemtukana mwaka mzima huja kutandaza upindo wa sari mbele yake, amwombe kipande cha thekua, kaki ya ngano na sukari guru iliyotoka kwenye ungo.

Kwa utaratibu, mfungo ni wa mkubwa. Lalmuni alikuwa amekwisha kujiona majini mara nyingi, maji kiunoni, mikono imeinuka. Ila tangu mvua Bibi Sonmati alikuwa ameanza kusema, bila kumtazama mtu, "Mfungo unataka mkono mwepesi." Na nyumba nzima ilijua ni mkono upi unaompaka mafuta magotini.

Rinku alipomaliza kupaka alinawa, akavaa mkoba, akafunga viatu. Pale mlangoni simu yake ikalia. "Ndiyo, bwana. Ndiyo, nimemaliza boksi mbili." Kwenye simu walimwita madamu. Sauti ilifika mpaka juu ya paa.

* * *

Bomba la maji la mtaa liko chini ya ukuta wa nyuma wa nyumba ile, kwa hiyo mtu akikaa kwenye paa husikia yote yanayosemwa pale, na akitaka, hujibu. Jua lilipopanda, wanawake walikuwa wamejaa bombani, kila mmoja na shuka yake ya kuanikia ngano. Sugiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akisugua na kuguna.

"Nasugua mpaka kwapa linauma, povu hakuna," akasema. "Mama Putul, uko huko juu? Hii sabuni ya Bi Kampuni wenu ni sabuni au jiwe?"

"Muulize mwenyewe," akajibu Lalmuni.

"Haina harufu. Ile ya dukani kwa Sah ukifungua karatasi tu, nyumba nzima inanukia msandali. Na inauma mikono kidogo, unajua imefanya kazi. Hii inateleza tu kama sifa za bwana harusi."

Wakacheka. Mwanamke mwingine, mke wa mfinyanzi, akasema, "Sah anasema ya Rinku ni bandia. Eti kuna watu wameiga yungiyungi, wakamdanganya msichana wa watu."

"Karatasi ni ile ile," akasema Sugiya. "Kijani kile kile, ua lile lile."

"Ndiyo maana inaitwa bandia, we Sugiya. Ingekuwa na picha ya punda ungeinunua?"

Watu walikuwa wameogea sabuni ya Sah tangu duka lake halijawa na mlango. Harufu yake ndiyo harufu ya harusi, ndiyo ya mtoto mchanga, ndiyo ya mgeni. Ikija nyingine yenye karatasi kama ile lakini haina harufu ile, mtu atasema nini? Atasema iliyokuja nyuma ndiyo iliyoiga.

Lalmuni alijua si hivyo. Mwaka juzi alikwenda ng'ambo ya reli kumtazama mtoto wa kaka yake Bhagelu, na kwa kuwa Bhagelu hakuwapo nyumbani, akamfuata kazini. Ulikuwa ua uliozungushiwa mabati. Ndani yake mapipa yanachemka, na Bhagelu anakoroga kwa mti, shati limemgandia mgongoni. Kando kulikuwa na madumu ya shahamu ya njano, iliyonunuliwa kwa wachunaji wa mizoga, na inzi wake. Magadi, mchanga, chupa moja ya manukato ya msandali kwa pipa zima. Na ukutani, mafungu kwa mafungu, karatasi za kijani zenye yungiyungi. "Hii inakwenda kwa Sah wenu," Bhagelu alimwambia kwa majivuno. Alikuwa ameanza kupata nyama na maziwa kwa ile kazi. Lalmuni alirudi nyumbani, hakusema. Mkate wa ndugu haupigwi teke.

Angeweza kunyamaza na siku ile. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye, kwamba kunyamaza kulikuwa kumetosha.

"Mimi sisemi kitu," akasema kutoka juu. "Mimi ni wa nyumba hiyo hiyo."

"Sema," akasema Sugiya.

"Niseme nini? Mimi nimesikia tu huko mjini."

"Umesikia nini?"

"Kwamba sabuni isiyo na povu imepikwa kwa shahamu ya mizoga. Sijui. Watu wanasema."

Bomba likaacha kulia. Sugiya akainua mikono yake kutoka kwenye beseni, akaitazama, vidole vimetanuka, kama mtu aliyeshika kinyesi gizani. Kwenye beseni kulikuwa na shuka ya ngano ya Mama Chhathi.

Shomoro akatua kwenye ukingo wa paa. Lalmuni akainua fimbo, akamfukuza kwa upole.

* * *

Rinku aliporudi kutoka mtaa wa wasuka vikapu, alikuta sabuni zake zimerundikwa uani kama maandazi yaliyochacha. Nyingine zimekwisha kulowa. Wanawake wamesimama mlangoni, pindo za sari zimefunika pua.

"Nirudishie rupia zangu," akasema Sugiya.

"Kuna nini, shangazi?"

"Nirudishie, mambo ya kuulizana baadaye. Nimefua shuka ya mfungo kwa mzoga mimi."

"Mzoga gani?"

Bibi Sonmati alikuwa amekaa wima kwenye kitanda cha kamba, nywele zimelowa tena. Alikuwa ameoga kwa maji matupu mara ya pili, baridi ile, na alikuwa anatetemeka.

"Bi harusi mdogo, shuka ya ngano yetu ulifulia nini?"

"Sabuni yetu, mama. Hiyo hiyo."

"Na mimi asubuhi nimeogea ipi?"

"Hiyo hiyo, mama." Rinku akapiga magoti, akaokota mche mmoja, akaufungua karatasi. "Nusa. Kwenye mafunzo walituambia ni mafuta ya mawese na ya nazi. Walituonyesha kwenye picha kubwa ukutani. Hakuna mzoga humu. Nani amesema?"

Wanawake wakatazamana. "Kila mtu anasema," akasema Sugiya.

"Kila mtu ana jina."

Lalmuni alikuwa ameshuka nusu ya ngazi, ameegemea ukuta, upindo wa sari umekuja mpaka kwenye nyusi. Sugiya alimtupia jicho, kisha akatazama pembeni. Bombani maneno hayana mwenyewe. Hiyo ni sheria, ama sivyo watu wasingesalimiana.

"Ngano apewe nyati wetu wa maziwa," akasema Bibi Sonmati.

"Mama, ngano yote ile?"

"Apewe nyati. Na wewe usiguse jiko la mfungo, usiguse ungo, usiguse kuni za mwembe. Mkoba wako ukae nje ya mlango, huko wanakovua watu viatu. Mwaka huu wewe utakuwa mtazamaji."

Rinku hakulia mbele za watu. Alitoa rupia kwenye kifundo cha sari, akawarudishia mmoja mmoja, na wale waliokuwa wametumia mche mpaka nusu nao wakapokea za mche mzima, wakahesabu. Wa mwisho alipoondoka, Bibi Sonmati akampa noti.

"Nenda kwa Sah. Lete sabuni ya asili, tufue shuka upya."

"Mimi, mama?"

"Wewe uliyeleta uchafu. Nani mwingine?"

* * *

Duka la Sah lina benchi mbele, na benchi hilo halikosi wanaume. Rinku alijifunika kichwa, akasimama upande usio na benchi.

"Karibu, Bi Kampuni," akasema Sah. Alikuwa mtu mnene mpole, anazungumza kama anayembembeleza mtoto ale. "Leo kampuni imekuja kununua kwangu?"

"Mche mmoja, mjomba."

"Mche wa nini? Maana siku hizi yungiyungi ni nyingi."

"Hiyo unayouza."

"Sema sabuni ya asili, nikupe."

Wanaume wakatabasamu. Rinku akatazama ile sabuni kwenye kabati. Kijani kile kile, ua lile lile, na harufu ya msandali imejaa duka zima. "Nipe ya asili," akasema.

"Ehee. Hii wameogea baba zenu."

"Baba zetu walijisugua udongo wa bwawani, mjomba. Wewe ulikuwa hujafungua duka."

Mmoja wa wale wa kwenye benchi akacheka, akakatiza kicheko alipoona uso wa Sah. Sah akachukua noti, akafungua droo, akaifunga.

"Chenji sina. Chukua peremende."

Akaziweka mbili juu ya mche wa sabuni. Droo ilikuwa imelia sarafu. Rinku alisimama kidogo, kisha akazichukua zile peremende, kwa sababu kuzikataa kungekuwa mazungumzo mengine, na benchi lilikuwa linasubiri mazungumzo. Njiani alizitupa kwenye shamba la haradali.

* * *

Kesho yake asubuhi, safari hii aliyefua alikuwa Lalmuni. "Fua wewe, Mama Putul, mkono wako naujua," alisema mama mkwe, na neno hilo lilikuwa limesubiriwa miezi. Povu lilipanda mpaka kwenye viwiko. Mikono ikaanza kuwasha. Harufu ya msandali ilienea, na chini yake, kwa aliyewahi kuinusa ng'ambo ya reli, kulikuwa na ile nyingine. Alisuuza, akasuuza tena, akasuuza mpaka Bibi Sonmati akauliza kama anataka kuitoboa.

"Umeona povu hilo?" akasema bibi. "Hiyo ndiyo sabuni. Mimi macho yamezeeka, nikadanganyika na mkoba."

Ngano mpya ikaoshwa, ikaanikwa. Jioni, ikiwa imekwisha kukauka na kukusanywa, Bibi Sonmati akamwita Lalmuni kitandani kwake. Akautoa ungo mpya wa mwanzi kutoka kwenye kitambaa cha manjano, akamwekea mikononi.

"Nilitaka kupindisha utaratibu," akasema. "Mama Chhathi amenizuia. Chukua. Mfungo ni wako."

Lalmuni akainama, akamgusa miguu. Furaha ilikuja, ila ilikuja kama mgeni aliyekosea nyumba, ikasimama mlangoni ikitazama ndani. Pembeni ya ua Rinku alikuwa anaosha vyombo vya kawaida, vile visivyo vya mfungo. Hakugeuza kichwa. Vyombo vyake vilikuwa vinalia zaidi ya ilivyohitajika.

Lalmuni akampigia simu mumewe, kiwandani Ludhiana. "Mama amenipa ungo."

"Ulikuwa wako siku zote," akasema mumewe. "Niombee kwa Jua nipate mkeka wa kulala, hapa tunalala kwa zamu. Treni zimejaa, sitakuja." Kisha akasema, "Fanya kwa usafi, Mama Putul. Mtoto tunaye mmoja tu."

Hakukusudia kitu. Ni neno ambalo kila mume husema, maana uchafu wa mfungo huwaangukia watoto. Lalmuni alikata simu, akakaa na ungo mapajani.

* * *

Ngano ya thekua hatuipeleki kwenye mashine, maana mashine imesaga vya watu wote. Husagwa nyumbani, kwenye mawe mawili, na wanawake wawili hukaa uso kwa uso, miguu imenyooshwa, wameshika mpini mmoja. Huwezi kukwepa macho ya mwenzako. Bibi Sonmati, aliyekaa mbele ya Lalmuni, akaanza wimbo wa Mama Chhathi kwa sauti yake ya kukwaruza. Alikuwa amejisahau, amefurahi. Rinku alikuwa amekaa nje ya kizingiti, anasikiliza, haruhusiwi kuingia.

Jiwe likazunguka kidogo, likawa zito.

"Zungusha," akasema bibi. "Au nimekupa mfungo mkono umekufa?"

"Mama, usisage."

"Nini?"

"Usisage hii ngano." Lalmuni alikuwa anatazama jiwe. "Sabuni ya Sah ndiyo yenye shahamu. Niliiona ikipikwa. Bhagelu ndiye anakoroga."

Wimbo ulikuwa bado mdomoni mwa bibi, akaumeza.

"Lini?"

"Mwaka juzi, nilipokwenda kumwona mtoto."

"Mwaka juzi nilifunga. Na mwaka jana nilifunga."

"Ndiyo, mama."

"Ulinisugua mgongo nayo. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ukaniambia, mama inua nywele."

"Ndiyo, mama."

Bibi Sonmati akautoa mkono wake kwenye mpini. Wa Lalmuni ukabaki pale peke yake.

"Na ya bi harusi mdogo?"

"Sijui ina nini. Labda ni mawese kama alivyosema. Niliyasema yale kwa kuwa roho iliniuma."

"Ilikuuma nini?"

Lalmuni alifikiri, kwa kuwa hakuwahi kuulizwa. "Viatu," akasema. Kisha akasema, "Viatu, mkoba. Magoti yako. Anavyoitwa kwenye simu."

Rinku alikuwa amesimama. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kuvuka kizingiti na hakuna aliyemkataza. "Dada, mimi nilikukosea nini?"

"Ungenikosea ningekutukana, tukamaliza."

"Nilinunua sabuni kwa Sah mbele ya wanaume. Nikachukua peremende zake."

"Najua."

"Hujui. Hukuwa wewe."

Bibi Sonmati alijishika ukutani, akainuka polepole, goti moja, halafu jingine. Alikuwa amekuwa mdogo. "Ngano hii nayo apewe nyati," akasema. "Mwaka huu nyati wetu atanenepa kwa ibada. Shuka ifuliwe kwa majivu na maji, kama alivyofua mama yangu mkwe."

"Nitafua mimi, mama," akasema Rinku haraka.

"Fua." Bibi akamtazama Lalmuni. "Na wewe nenda bombani. Ulisemea pale, ukafutie pale. Kila nyumba imeanika ngano yake kwa povu la kaka yako. Jua halijashuka, wana muda wa kuosha nyingine."

"Watamuua Bhagelu."

"Hawatamuua. Watamsema. Nenda."

Rinku alikuwa ameshaukunja upindo kiunoni, tayari kwa shuka. Macho yalikuwa yamemng'aa. "Na ungo, mama? Niutie majivu nao niuoshe?"

"Ungo ni wa Lalmuni," akasema Bibi Sonmati. "Nilikwisha kuutoa."

Wote wawili wakamtazama.

"Mama," akasema Rinku, "baada ya haya?"

"Kwa sababu ya haya. Wewe ukifunga, utafunga na moyo mweupe, utasikia njaa na kiu, basi. Utatoka majini unanukia. Huyu atafunga huku anaogopa." Alikuwa akitafuta fimbo yake. "Mimi nimeushika huu mfungo tangu mume wangu ana nywele. Njaa siyo mfungo, binti yangu. Njaa hata nyati anayo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita binti yangu. Haikumsaidia.

* * *

Bombani Lalmuni alisema yote akiwa amesimama, mikono imeshika sari. Akasema na jina la kaka yake, kwa kuwa Sugiya aliuliza umejuaje, na hapakuwa na njia nyingine ya kujua.

"Kwa hiyo kaka yako ndiye mpishi wetu," akasema Sugiya.

"Ndiye."

"Na wewe ukatuacha tule."

"Tuoge," akasahihisha mke wa mfinyanzi.

"Kuoga, kula, ngano ilikaa juu ya shuka hiyo hiyo, siyo? Mama Putul, wewe ni mtu wa kuwekwa kwenye mtungi ukafunikwa."

Mwingine akasema, juzi mlisema hii, leo mnasema ile, kesho mtasema tuoge mate. Huyo alikuwa na ngano nyingi imekwisha kusagwa na hakuwa na nyingine. Akaenda zake nyumbani, akafunga mlango, na thekua zake zilikuwa thekua kama za wengine. Sah aliapa kwa watoto wake, kisha akapunguza bei, na wapo walionunua, maana povu ni povu. Waliomjia Rinku walikuja kwa mlango wa nyuma. Hawakusema pole. Walisema, "Tuletee ile isiyo na povu," na wakaomba wapunguziwe.

* * *

Ukungu ulifunika bwawa asubuhi ya mwisho ya mfungo, na Jua lilichelewa. Lalmuni alikuwa majini kiunoni, na ungo mikononi wenye ndizi, tangawizi mbichi, muwa na thekua. Tangu usiku wa juzi hakuwa amemeza hata mate bila kujiuliza kama yanahesabika. Midomo ilikuwa imepasuka. Aligeukia mashariki, anatetemeka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesubiri hukumu, si baraka. Ukingoni watu walinong'ona: tazama yule, tangu mama mkwe wake hatujaona anayefunga vile.

Rinku ndiye aliyekuwa akimmiminia maziwa mbele ya ungo, kazi ya mkwe mdogo. Alisimama hatua moja nyuma, maji yakimfika mapajani tu. Alikuwa amesubiri asubuhi hii. Alidhani watu watakapomwona Lalmuni majini watakumbuka, watamgeuzia yeye macho na kutikisa kichwa. Hakuna aliyemgeuzia macho. Jua lilipotokeza, jekundu, kama kaa la moto ndani ya majivu, watu wote walipiga kelele za shangwe, na Sugiya, Sugiya yule wa mtungi, alikuwa wa kwanza kuingia topeni na kuishika miguu ya Lalmuni alipokuwa akitoka majini.

Wakapanga mstari ukingoni. Lalmuni akakaa na ungo, akawapaka wanawake rangi nyekundu ya ndoa kutoka ncha ya pua mpaka kwenye njia ya nywele, kila mmoja akatandaza upindo wa sari, akaomba, akapewa. Bibi Sonmati naye akaletwa, akatandaza wake, magoti yanagongana. Kisha ikawa zamu ya Rinku.

Alisimama. Nyuma yake mstari ukangoja. Lalmuni aliinua macho, hayana hata unyevu wa kulia.

"Rinku," akasema kwa sauti iliyokauka, "kama hutaki, usiombe. Nitakuletea nyumbani."

"Watu wanatazama, dada."

"Ndiyo."

Rinku akainama, akamgusa miguu. Ilikuwa baridi kama samaki. Akapakwa rangi, akatandaza upindo wa sari yake ya kijani, na Lalmuni akauwekea thekua kwa mikono miwili, akaibonyeza kidogo ndani ya kitambaa kana kwamba ingeweza kuruka. Rinku akakunja upindo, akatoka kwenye mstari, akaenda kusimama kando ya Sugiya, aliyekuwa amekwisha kuanza kutafuna. Akafungua upindo. Akaitazama kaki yake, kisha akainua macho polepole kutazama ya Sugiya, aone kama ni kubwa zaidi.